TAMKO LA TAWI: WATOTO WALIKWAMA JUU, SISI TULIKWAMA CHINI

*Kwa wanachama wote wa Tawi, Mirongo, Mwanza. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo ujibu.*

Ndugu wanachama,



Tangu sikukuu ipite, makundi yetu ya simu yamejaa video ya bembea ya mzunguko iliyokwama na watoto wakiwa juu, katika uwanja mmoja wa michezo hapa jijini. Wapo waliocheka, wapo waliotukana, na wapo waliotaka tawi litoe tamko siku ileile. Tulinyamaza kwa makusudi. Tulitaka kwanza tuzungumze na wazazi, kwa sababu watatu kati ya watoto wale ni wa wanachama wetu. Tumeshazungumza nao, na uongozi umekaa. Haya ndiyo maoni yetu.

Kwanza, tunawaomba mfute video ile. Inaonyesha sura za watoto wanaolia, na mmoja amejikojolea kwa hofu. Mtoto huyo atarudi shule na wenzake wana simu za wazazi wao. Kama ungekuwa wako usingeituma.

*1. KILICHOTOKEA*

Jenereta lilizima bembea ikiwa katikati ya mzunguko. Upande mmoja ulikuwa umejaa watoto, upande wa pili ulikuwa na viti vitupu. Mwenye mashine alikwenda kutafuta fundi. Kijana aliyebaki kwenye mashine alikuwa wa kukata tiketi, hakujua hata breki iko wapi. Watoto walikaa juu karibu saa nzima.

Tumewauliza wanachama wetu waliokuwepo pale swali moja: nani alipiga simu Zimamoto? Kila mmoja alidhani mwenzake amepiga. Tulipofuatilia, tukagundua hakuna hata mmoja wetu aliyepiga. Kati ya watu wazima kumi na wawili wa tawi hili waliokuwa uwanjani, wenye simu mkononi na wengi wao wakirekodi, ni wawili tu walioweza kuitaja namba 114 bila kuuliza. Na hao wawili nao hawakupiga.

Kisha vijana wakataka kuisukuma bembea kwa mikono ili izunguke. Moyo wao ulikuwa mzuri. Aliyewazuia ni mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye winchi za bandarini. Aliwaambia gurudumu lenye mzigo upande mmoja, ukiliachia breki, upande mzito unashuka kwa kasi na hakuna mkono wa mtu utakaolishika. Aliwataka wakae mbali, akafunga gurudumu kwa kamba kwenye nguzo, akawa anaongea na watoto kwa sauti ya upole mpaka fundi alipofika. Watoto wakashushwa mmoja mmoja. Hakuna aliyeumia.

Tunamshukuru Mungu, na tunamshukuru mzee wetu. Lakini tusijidanganye. Usalama wa watoto wetu siku ile ulitegemea bahati ya mzee mmoja kupita pale akiwa na mjukuu wake.

*2. HATA KWENYE VIFAA VYOTE, DAKIKA HUPOTEA*

Wapo wanaosema haya ni matatizo ya nchi maskini. Si kweli kabisa.

Tarehe 2 Juni 2015, kwenye bustani ya michezo ya Alton Towers huko Uingereza, gari la abiria 16 liendalo juu ya reli za kupanda na kushuka liligonga gari tupu lililokuwa limesimama mbele yake. Mfumo wa kompyuta ulikuwa umezuia safari. Mafundi wakadhani umekosea, wakauruka. Abiria wote 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Walikaa juu wakiwa wameinama, wamebanwa na vyuma, zaidi ya saa nne kabla wote hawajatolewa. Na tangu ajali itokee mpaka simu ya dharura ipigwe zilipita dakika 17. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni husika faini ya pauni milioni 5.

Tarehe 2 Julai 2023, katika mji mdogo wa Crandon, Marekani, mashine ya aina hiyo ilikwama kwenye tamasha na watu 8, wengi wao watoto, wakabaki vichwa chini miguu juu. Mtu wa mwisho alishushwa baada ya zaidi ya saa tatu.

Tunatoa mifano hii ili tuone kitu kimoja. Magari ya zimamoto walikuwa nayo, ngazi walikuwa nazo, madaktari walikuwa nao. Kule Alton Towers, dakika 17 za mwanzo zilipotea mikononi mwa watu waliokuwa pale pale chini. Dakika za mwanzo siku zote ni za watu waliopo. Hapa kwetu, watu waliopo ni sisi.

*3. SISI WA ZIWA TULIPASWA KUJUA KULIKO WOTE*

Ndugu wanachama, hakuna mkoa Tanzania unaopaswa kufundishwa habari ya kukwama na kusubiri kuokolewa kuliko huu wetu.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikija Mwanza. Meli haikuzama mara moja. Ilibaki imeelea tumbo juu, na ndani yake walikuwemo watu hai waliokuwa wakigonga chuma ili wasikike. Walisikika. Tundu likakatwa kwenye meli ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeibeba meli ikatoka kupitia tundu lile, na meli ikazama na waliokuwemo. Waliofariki katika ajali ile wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000. Wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji la Afrika Kusini ndio waliokuja kusaidia kutoa miili. Makaburi yapo Igoma, na baadhi yenu mna ndugu pale.

Wale waliokata tundu hawakuwa wabaya. Walikuwa na haraka ya kuokoa, kama vijana wetu kwenye bembea. Walichokosa ni mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kusema: subirini, hewa hii ndiyo inayowashikilia.

Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, ikitokea Bugolora siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki walizidi 220. Giza lilipoingia, uokoaji ulisitishwa mpaka asubuhi. Siku ya pili baada ya ajali, fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai kutoka kwenye sehemu ya ndani iliyobaki na hewa. Kila tukikumbuka habari ile tunafurahi kwa ajili yake, halafu tunajiuliza swali ambalo hatulipendi, kuhusu usiku ule wa kwanza.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya Jumapili, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 24 waliokoka, 19 wakafariki, wakiwemo marubani wote wawili. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alieleza jinsi alivyotumia kasia kufungua mlango wa nyuma. Serikali ilimpa shilingi milioni 1 na kumpeleka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Nchi nzima ilimpigia makofi, na sisi tukiwemo.

Lakini makofi yakiisha tujiulize: ndege iko karibu na ufukwe, karibu na uwanja, watu wamesimama nchi kavu wakiiona kwa macho, na kifaa kinachotajwa kufungulia mlango ni kasia. Tunapenda sana kumtafuta shujaa baada ya ajali. Shujaa akipatikana, tunasahau kuuliza kwa nini alihitajika.

*4. LAWAMA YETU WENYEWE*

Tungeweza kuishia hapa, tukainyooshea serikali kidole, mkatupongeza. Ingekuwa rahisi, na isingekuwa haki.

Tawi hili lina utaratibu mzuri sana wa msiba. Mwanachama akifiwa, ndani ya saa moja tangazo limetoka, mhazini ameanza kukusanya, viti na maturubai yamepatikana, na mama zetu wako jikoni. Tunajua nani ana sufuria kubwa, nani ana gari la kubeba maji, nani atasoma salamu za rambirambi. Hakuna anayeuliza. Kila mtu anajua nafasi yake.

Sasa tuulizane: ni nani kati yetu anayejua nani mtaani ana ngazi ndefu? Nani ana kamba imara? Nani amewahi kusomea huduma ya kwanza? Muuguzi aliyestaafu anakaa nyumba ipi? Mto Mirongo ukijaa usiku wa mvua, nani anawagongea walio kando ya mto, na wanakwenda wapi? Lifti ikikwama kwenye moja ya haya maghorofa yanayoota katikati ya jiji, tunamwita nani? Hatujui. Tumejipanga vizuri kumzika mtu kuliko kumwokoa.

Hilo ndilo lililotukaa moyoni. Mipango tunaijua, kwa maana tunapanga misiba kila mwezi. Ila tumezoea kuanza kupanga mtu akishakufa.

*5. MAJIBU KWA WALIOPINGA*

Kwenye kikao yalitolewa mawazo matatu ya kupinga. Tunayajibu kwa heshima, kwa sababu waliotoa ni watu wazima na walisema wanachoamini.

*“Ajali haina kinga.”* Msemo huu tunauheshimu, lakini umegeuzwa kuwa blanketi la kufunikia uzembe. Jenereta kuzima ni ajali. Watu mia kusimama saa nzima bila hata mmoja kupiga simu si ajali. Ajali haina kinga, lakini kuchelewa kuna mwenyewe.

*“Hii ni kazi ya serikali, chama si zimamoto.”* Ni kweli, na hatutaki serikali iukwepe wajibu huo hata kidogo. Tunalipa kodi na tozo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kutoka taifa mpaka huku chini kwenye kata. Kwa hiyo swali la kumuuliza kiongozi wetu liko wazi: kamati ya kata yetu ni akina nani, na ilikaa lini mara ya mwisho? Tunataka majina na tarehe. Lakini gari la zimamoto hata likitoka mara moja lina foleni, lina machinga na bodaboda barabarani, na kwenye vilima vya jiji hili kuna nyumba zisizofikiwa na gari lolote. Kati ya simu na gari kuna dakika. Dakika hizo hakuna sheria inayoweza kuzijaza kwa niaba yetu.

*“Mtaonekana mnatafuta kiki ya kisiasa.”* Hili ndilo zito zaidi, na aliyelisema yuko sahihi kuhofu. Tumeona, pande zote, viongozi wanaofika kwenye ajali na mpiga picha kabla ya machela. Ndiyo maana tumeamua: jambo hili halitafanywa kwa fulana za chama, halitazinduliwa kwa ngoma, na majirani wa vyama vingine na wasio na chama wataalikwa sawa na sisi. Mtoto aliyekwama juu haulizwi kadi ya mama yake.

*6. MSIMAMO WETU*

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tawi linatamka yafuatayo.

*Kwa wenye mashine za michezo ya watoto:* hatutaki mfunge. Watoto wetu hawana mahali pengi pa kucheza, na sikukuu bila bembea ni sikukuu nusu. Tunataka mashine ikaguliwe kabla ya sikukuu, isisubiri ikwame. Tunataka anayeiendesha ajue kuisimamisha, kuishusha kwa mkono umeme ukikatika, na kupakia watoto kwa kuwagawa pande zote. Na namba 114 iandikwe kwa rangi pale pale penye tiketi. Ukikataa masharti haya madogo, tutawashauri wazazi wa Mirongo wasilete watoto kwako.

*Kwa Mheshimiwa Diwani na uongozi wa jiji:* tunaomba jambo hili lifikishwe kwenye baraza la madiwani. Nani anatoa kibali cha viwanja hivi vya sikukuu? Nani anakagua mashine? Vibali vilivyotolewa vionekane na wananchi. Tumeandika barua, na nakala itabandikwa ofisini kwa tawi ili kila mtu aisome.

*Kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji:* hatuji kwenu na lawama. Siku ile hamkuitwa, na kosa hilo ni letu. Tunaomba elimu. Tutawaomba kwa barua askari wenu waje kutufundisha mtaani, Jumapili moja, mahali pa wazi.

*Kwa sisi wenyewe:* fedha zilizochangwa kwa ajili ya fulana mpya za tawi hazitanunua fulana mwaka huu. Tunajua wengine mtanuna. Tutanunua ngazi moja ndefu, kamba mbili imara, kipaza sauti cha mkono, filimbi, machela, tochi kubwa na sanduku la huduma ya kwanza. Vitakaa kwa balozi atakayechaguliwa na mtaa, mahali ambapo mlango hufunguliwa saa yoyote ya usiku, si ofisini penye kufuli na ufunguo uliosafiri. Vijana kumi, wasichana kwa wavulana, watajitolea kusomea huduma ya kwanza. Tutawaomba Msalaba Mwekundu watusaidie mafunzo. Mzee wetu wa winchi amekubali kuwa mlezi wao.

*7. MAMBO MANNE YA KUSHIKA LEO*

Haya hayahitaji fedha wala kikao. Mfundishe na mtoto nyumbani.

*Moja.* Piga simu kwanza: 114 Zimamoto na Uokoaji, 112 Polisi. Usidhani mwenzako amepiga. Ukiwa unawaelekeza watu, usiseme “jamani pigeni simu”. Mnyooshee mtu mmoja kidole: “Wewe mwenye shati jekundu, piga 114 sasa, kisha uniambie wamesemaje.” Taja mahali kwa alama inayojulikana, na idadi ya watu.

*Mbili.* Usikate, usivunje, usisukume wala kuvuta kabla hujajua ni kitu gani kinachomshikilia aliyekwama. Inaweza kuwa hewa, inaweza kuwa breki, inaweza kuwa tofali moja. Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, zaidi ya watu 80 waliokolewa, na kazi kubwa ilikuwa kuondoa kifusi kwa uangalifu kwa sababu chini yake kulikuwa na watu wanaopumua.

*Tatu.* Ongea na aliyekwama. Mwite kwa jina kama unalijua. Mwambie ashike sana na asijaribu kujifungua. Hofu humfanya mtu aruke mahali ambapo angesubiri angeshuka salama.

*Nne.* Fungua njia. Kama huna kazi pale, rudi nyuma na uwarudishe wenzako. Simu ya kurekodi irudi mfukoni. Kusimama mbali nako ni msaada.

*MWISHO*

Mmoja wa akina mama watatu alitueleza jambo ambalo tunaomba mlisikie kama alivyolisema. Alisema wakati mwanaye yuko juu alikuwa anatazama chini, hakuwa anatazama juu. Alikuwa anatafuta kwenye umati uso wa mtu anayejua la kufanya. Aliona nyuso anazozijua, za jirani, za wanachama wenzake, mwenyekiti wake akiwemo. Zote zilikuwa zinatazama juu kama yeye.

Mwenyekiti alikuwepo. Hilo ni kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka liandikwe humu.

Mkutano wa kuchagua vijana kumi ni Jumamosi ijayo, saa 10 jioni, palepale tunapokutana siku zote. Anayetaka kupinga suala la fulana aje apinge kwa mdomo wake, atasikilizwa. Mwenye ngazi, kamba au ujuzi wowote, hata kama hakubaliani nasi kwa mengine, aje aandikishe jina. Tunahitaji kujua uko wapi kabla hatujakuhitaji.

Msambazie na jirani yako, awe mwanachama au asiwe.

Wenu katika kazi,
*Kamati ya Uongozi ya Tawi*
Mirongo, Mwanza